Bibi wa Mwalimu Anicet

Watu wa Greyville, mtaa wa hapa Durban, walimjua Mwalimu Anicet kwa koti lake la njano la kung'aa na kwa mkono ulioinuliwa kuongoza gari la mtu lirudi nyuma bila kugonga ukingo. Alikuwa mlinzi wa magari, barabara ya kando ya uwanja wa farasi. Wengi hawakujua kwamba mkono huo ulishika chaki kwa miaka ishirini na mmoja katika seminari ndogo moja upande wa Bukavu, ukifundisha historia ya Kanisa. Mimi nilijua, kwa sababu chumba chake na changu vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, na mzee yule akishaanza kuzungumzia karne ya kumi na moja hakuwa na breki. Naandika habari zake kwa sababu katika maisha yake kuna kosa moja ambalo si lake. Ni langu, na sijapata mahali pengine pa kuliweka.

Naitwa Gosbert, mtu wa Bukoba. Miaka hiyo nilikuwa mkalimani katika ofisi inayotoa vibali kwa wakimbizi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kando ya dirisha, mkimbizi upande huu, karani upande ule, mimi katikati nikigeuza Kiswahili kuwa Kiingereza. Nilijiona hodari kweli kweli. Kiswahili cha Wakongo nilikuwa nakicheka waziwazi. Nilisema kimevunjika mguu, kinahitaji plasta. Wenzangu walicheka nami, na hilo lilinitosha kuamini kwamba nimesema jambo la maana.

Mwalimu alifika dirishani kwangu Machi 1997. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi barabarani, na mimi nilikuwa na njaa. Nikamuuliza wako wangapi.

"Tuko wawili," akasema. "Miye na bibi yangu. Iko mugonjwa, iko anaikala kule inje kwa kivuli."

Kwetu Tanzania mtu akisema "bibi yangu" unamwona mama aliyemzaa mama yake. Kwa Wakongo, bibi ni mke. Ningeweza kukumbuka kwamba hata sisi tunasema "bibi harusi", na huyo si ajuza. Ningeweza pia kunyanyua macho na kumwona mwanamke wa miaka arobaini na kitu amekaa juu ya begi. Sikunyanyua. Nikamwambia karani kwa Kiingereza kwamba mzee amekuja na mama mzaa mama yake, naye ni mgonjwa. Karani akaandika hivyo kwenye faili, mimi nikatia saini yangu ya mkalimani chini yake, na foleni ikasogea. Kwenye karatasi aliyopewa Mwalimu yalikuwamo majina mawili tu na neno la kusema kwamba mmoja anamtegemea mwingine. Ule upuuzi ulibaki ndani ya faili.

Miezi michache baadaye walihamia chumba kilichopakana na changu, nami nikawa mtu wao. Mkewe aliitwa Médiatrice. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na moyo wake uliokuwa umevimba ulimfanya apande ngazi kwa vituo. Hawakujaliwa mtoto. Kila Jumapili baada ya misa alichemsha chai, na Mwalimu akafungua darasa kwa yeyote aliyekuwepo: mimi, Doudou kinyozi, na mara nyingine Padri Cyprian, aliyetuongozea misa ya Kiswahili, akiwa amepita kusalimia. Somo lilikuwa moja daima, yaani ule ugomvi wa Papa na mfalme.

"Zamani ile," Mwalimu alianza, "askofu akisimikwa anapewa vitu viwili. Fimbo, juu yeye ni muchungaji. Na pete, juu yeye na Kanisa lake ni kama bwana na bibi. Sasa niambieni: nani anatoa pete?"

Hilo lilikuwa swali lake la mtihani miaka yote ishirini na mmoja. Wafalme, alieleza, walikuwa wakiitoa wao kwa mikono yao, na askofu aliyevishwa pete na mfalme alijua vizuri bosi wake ni nani. Ndipo akaja Papa Gregori wa Saba akasema marufuku, pete ni mali ya Kanisa. Mfalme Henri wa Nne wa Ujerumani akaja juu, akawakusanya maaskofu wake wakatangaza kwamba Papa si Papa tena. Papa akamtenga mfalme na Kanisa, akawaambia raia wake kwamba kiapo walichomwapia hakiwafungi tena. Wakubwa wa nchi wakaanza kumkimbia mfalme mmoja mmoja.

Hapo ilikuwa lazima Mwalimu asimame, hata kama kikombe kiko mkononi. Ilikuwa Januari ya mwaka 1077, theluji imefunika milima. Papa alikuwa ndani ya ngome ya Kanossa. Mfalme akaja na kusimama nje ya lango, bila viatu, bila taji, amevaa sufu ya kukwaruza kama mtubu yeyote. Alisimama siku tatu. Siku ya tatu lango likafunguliwa, Papa akamwondolea adhabu.

"Siku tatu!" Mwalimu alisema, macho yakimng'aa. "Mufalme muzima!"

Mimi nilikuwa upande wa mfalme, kwa sababu nilikula mkate wa serikali na kwa sababu nilipenda kumchokoza. "Mwalimu," nilimwambia, "mfalme ndiye mwenye askari na mihuri. Papa wako angekuja Durban leo angepanga foleni kwangu kama watu wengine."

"Weye mutu wa serikali!" alinijibu. "Muhuri ni wino tu."

Alikuwa na ushahidi wake. Walipofunga ndoa kwao mwaka 1974, kwanza waliandikwa kwa mkuu wa serikali, kisha wakaenda kanisani kuvishana pete. Vita vilipowatoa mbio mwaka 1996, karatasi ya serikali ilibaki ndani ya nyumba na nyumba ikaungua. Karatasi ya parokia ilikuwa imekunjwa ndani ya kitabu cha sala cha Médiatrice, ikavuka naye ziwa na mipaka yote hadi hapa. "Unaona?" Mwalimu alipenda kuniambia, akiifungua taratibu kwenye mikunjo. "Ya serikali imekufa. Ya Kanisa hii hapa."

Lakini alikuwa mkweli, hakuficha kwamba Papa wake naye hakumaliza vizuri. Mfalme alirudi na jeshi, akaingia Roma, na Gregori akafa uhamishoni, mbali na kiti chake. Mwalimu akifika hapo alikaa, akanywa chai. Ugomvi wenyewe ulikuja kumalizwa mwaka 1122 katika mji wa Worms, Papa na mfalme wote wawili wameshakufa. Walipatana kwamba pete na fimbo ya kichungaji vitatolewa na Kanisa, na mfalme atamgusa askofu kwa fimbo yake ya kifalme kwa mambo ya ardhi na utawala.

Jumapili moja Médiatrice aliingilia kati, birika mkononi. "Huyu mufalme, alikuwa na bibi?"

"Alikuwa naye. Berthe. Alivuka naye ile milima, kwa theluji."

"Na hizo siku tatu, yeye alisimama wapi?"

Mwalimu alitua kikombe. "Kitabu haisemi," akakiri.

"Ona sasa! Miaka yote hii unafundisha watoto ya wenyewe, na bibi ya mutu haujui alikuwa wapi."

Tulicheka hadi Doudou akamwaga chai yake. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Neno bibi lilipita masikioni mwangu siku ile mara mbili, nikalielewa barabara kuwa ni mke, na bado sikulikumbuka lile dirisha.

Médiatrice alifariki Juni 1998, Alhamisi asubuhi, katika hospitali ya serikali. Mwalimu alirudi kwa miguu akiwa na viatu vya mkewe ndani ya mfuko. Alikaa kitandani akaviweka sakafuni, kimoja kando ya kingine, mahali marehemu alipozoea kuviweka mwenyewe. Mimi nilianza kulia kabla yake, na sioni aibu kusema nililia kwa sauti. Tulimpenda yule mama.

Siku iliyofuata alikwenda na Doudou kuuchukua mwili ili Padri Cyprian aupangie misa. Alirudi jioni, akasimama mlangoni kwangu.

"Gosbert, banasema Médiatrice ni grand-mère yangu. Grand-mère, mama ya mama yangu! Banasema imeandikwa kwa faili ya kibali. Miye nimezaliwa kabla yake. Nani aliwaambia hii mambo?"

Nililiona dirisha, nikaiona foleni, nikajisikia na njaa ile ile. Nikamjibu: "Sijui, Mwalimu." Nilisema hivyo kwa Kiswahili safi sana, kile nilichokuwa najivunia.

Hospitali walikuwa wamepiga simu ofisini kwetu kuuliza, kisha wakamweleza wazi. Mwili hutolewa kwa ndugu ambaye karatasi zake zinakubaliana na anachosema. Yeye anasema ni mume, faili linasema ni mjukuu. Akalirekebishe faili, la sivyo wiki ikiisha serikali itamzika marehemu pamoja na wengine wasio na wenyewe, katika kaburi la namba. Mwalimu akaichukua karatasi ya parokia, Padri Cyprian akamwandikia barua yenye mhuri wa kanisa, na Jumatatu alfajiri akawa mbele ya lango la ofisi yetu.

Mlinzi akamwuliza ana miadi na nani. Hakuwa na miadi. Mtu mmoja wa mapokezi alitoka, akaitazama ile karatasi ya Kifaransa na Kilatini, akasema hiyo ni karatasi ya kanisa, tena ya nchi ambayo hata jina imebadilisha. Wao wanafuata faili. Kama anataka faili liguswe, amngoje mkuu wa ofisi. Akangoja. Jumatatu alingoja hadi lango likafungwa, na Jumanne vilevile. Manyunyu ya majira yale ya baridi yalikuwa yakishuka, na upepo kutoka bandarini ulimpiga usoni. Alikuwa amekataa kuvaa lile koti la njano, kwa kuwa alisema anadai mkewe, haongozi magari.

Mimi nilipita mbele yake kila asubuhi kuingia kwa mlango wa wafanyakazi, na kila asubuhi alinisalimia. Jumanne nilimletea chai ndani ya chupa. Aliipokea, akatazama chini, akajaribu kutabasamu.

"Henri hakukuwa na viatu," akasema. "Miye niko navyo."

Niliingia ndani nikashindwa kufanya kazi. Siku ilikuwa ya pili. Nilitamani mkuu ampokee siku ileile, au amngojeshe siku nne, au kumi, chochote ila tatu. Nilikuwa nimelisoma lile faili tayari, nikaiona saini yangu, nzuri, yenye mkia. Niliogopa kufukuzwa kazi. Hakuna sababu nyingine, na nimechoka kuitafuta.

Jumatano mchana nikaenda kwa mkuu wa ofisi nikamwambia yote. Alikuwa mtu mchovu, si mbaya. Alilifungua faili, akaitazama saini, akanitazama mimi.

"Eish," akasema. Kisha akanieleza, bila hasira, jambo lililoniumiza kuliko kama angenifokea. Kurekebisha kunawezekana. Lakini fomu haina nafasi ya kosa la mkalimani; lazima iandikwe kwamba maelezo ya mwombaji yalikuwa na uongo au makosa, na hilo likishaandikwa, faili zima linarudi kwenye kamati. Watauliza ni nini kingine hakikuwa kweli. Kibali chake kitasimama. Itachukua miezi. "Na mwili?" nikauliza. Akasema hospitali haitaki ukweli, inataka karatasi zipatane. Faili linasema mjukuu. Mzee akitia saini kama mjukuu, atapewa mwili leo hii. Akalifunga faili na kunirudishia kalamu yangu niliyokuwa nimeisahau mezani.

Nilitoka nje kwa lango kubwa. Nilimwambia Mwalimu mbele ya mlinzi na mbele ya foleni, tangu lile neno la kwanza hadi la mkuu. Nilitegemea anipige. Alikunja ile karatasi ya parokia akaiweka ndani ya shati.

"Najua ni weye," akasema polepole. "Jumatatu, wakati nasimama hapa, nilikumbuka sauti yako kwa dirisha. Nilikuwa nangoja useme."

Basi siku zote tatu hakuwa amemngoja mkuu. Alikuwa ananingoja mimi, nami nilimpita asubuhi baada ya asubuhi nikimwambia shikamoo.

"Nikikataa?" akauliza.

"Serikali itamzika, Mwalimu. Kwa namba."

Mtu yule alikuwa amefundisha vijana wa watu, mwaka baada ya mwaka, kwamba kuna mambo ambayo serikali haina mkono wa kuyagusa. Aliitazama barabara, magari yakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na kuondoka. "Twende," akasema.

Dirisha la hospitali lilikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya upole. Alitupa fomu. Mwalimu hakujua Kiingereza cha kutosha, akanipa mimi. "Soma kwa Kiswahili," akasema. "Na usome muzuri."

Nikasoma: "Mimi, Anicet, nathibitisha kwamba marehemu Médiatrice ni bibi yangu."

Tulitazamana. Kwenye karatasi lilikuwa neno la Kiingereza lisilo na njia ya kukwepa, lakini kinywani mwangu, kwa mara ya kwanza, lilikuwa limetoka la kweli.

"Rudilia," akasema.

"Marehemu Médiatrice ni bibi yangu."

"Ni bibi yangu," akasema naye, akatia saini kwa haraka, karibu kwa furaha. Kisha kidole chake kikashuka. "Na hapa chini?"

"Hapo wanataka uandike wewe ni nani kwake."

"Faili inasema nini?"

Nililitafuta neno katika Kiswahili cha Bukoba, cha Bukavu, cha Bujumbura na cha pwani. Hakuna hata kimoja chenye neno ambalo lingembeba mume ndani yake. "Mjukuu," nikasema.

Alishika kalamu muda mrefu hadi yule mama akauliza kama mzee anajisikia vibaya. Halafu akaandika, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mwalimu, na machozi yakamwangukia kwenye mkono. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia mimi pale.

Mama wa dirishani akapitisha bahasha ndogo chini ya kioo na karatasi nyingine ya kutia saini. Ndani ya bahasha kulikuwa na pete ya Médiatrice, waliyomvua alipolazwa. Mwalimu aliipapasa kwa juu bila kuifungua. Akanigeukia.

"Gosbert. Nani anatoa pete?"

Aliitia bahasha mfukoni, tukaenda.

Tulimzika Jumamosi. Kabla jeneza halijafungwa, Mwalimu alimpa Padri Cyprian ile bahasha, akamwomba aifungue yeye, aibariki pete na kumkabidhi mkononi, kama alivyofanyiwa siku ya ndoa yao. Padri alimtazama, kisha akafanya alivyoombwa bila kuuliza. Mwalimu akamvisha mkewe. Ilikuwa imelegea kwenye kidole, ikabidi aishike kidogo.

Baada ya hapo hakukuwa tena na darasa. Doudou aliuliza mara moja tu, Mwalimu akasema amesahau tarehe. Kwangu hakubadilika; alinisalimia, alinigongea ukuta chai ikiwa tayari, na hakulitaja lile jambo hata siku moja. Heri angelitaja.

Septemba kibali chake kilikwisha muda, akaja dirishani kwangu kukiongeza. Karani alikuwa mpya, binti mwenye moyo mzuri. Alifungua faili, akasoma, akafuta jina la pili kwa rula na wino mwekundu. Kisha uso wake ukasikitika kwa dhati kabisa. Akaniambia nimwambie mzee kwamba kufiwa na bibi kunauma, anajua, wake pia alikufa mwaka jana. Lakini amshukuru Mungu, maana si wengi wanaojaliwa kuishi hadi wamwone mjukuu wao ameota mvi.

Mwalimu alikuwa ananitazama, mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Anasema nini?"

"Anasema pole sana, Mwalimu," nikamwambia. "Kwa kufiwa na bibi yako."

"Mwambie asante," akasema.

Nikamwambia.